Seva Yako Iko Wapi Saa Kumi na Mbili Jioni?

Siku ya tatu ya Ramadhani iliyopita, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, khalati yangu alinipigia simu. Nilikuwa nimejilaza, mdomo mkavu, nahesabu dakika kama kila mtu. Hata salamu hakuna.

"Mwanangu, watu wanapiga simu wanasema washalipa, mimi huku sioni oda hata moja. Hicho kitu chako kimelala ama vipi?"

Hicho kitu changu ni tovuti niliyomjengea mwenyewe. Khalati anapika futari nyumbani kwake Kibokoni, hapa Mji wa Kale: sambusa, katlesi, kaimati, viazi karai, mkate wa sinia, maji ya ukwaju. Miaka yote alikuwa akipokea oda kwa simu na WhatsApp, na daftari lake la mistari. Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilimwambia khalati, dunia imebadilika, mtu achague chakula kwenye simu yake, alipe kwa M-Pesa papo hapo, wewe uone orodha imejipanga, ukaange tu. Akaniamini. Daftari akaliweka kabatini.

Nikafungua laptopu mbio. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukaniletea hitilafu. Nikaiwasha seva upya. Ikaamka dakika moja, ikakwama tena. Hadi adhana ya Magharibi inaadhiniwa, watu 38 walikuwa wamelipa na oda zao hazikuandikwa popote.

Mzee mmoja alikuja na tuktuk kutoka Tudor, simu mkononi, ujumbe wa malipo wa shilingi 850 uko wazi kwenye kioo. Ana wageni nyumbani. Khalati hakubishana naye. Aliingia ndani, akachukua sinia letu sisi, futari ya nyumba nzima, akaipakia kwenye vyombo na kumkabidhi pamoja na jagi la ukwaju. Sisi tulifuturu tende, maji na mkate wa jana. Hakunigombeza. Wallahi bora angenigombeza.

Basi leo tuongee seva. Najua wengi wenu mnaonisoma mnajenga vitu: tiketi za mechi za mtaa, duka la mabuibui la dada yako, mfumo wa madrasa wa kurekodi karo. Na kosa langu ni kosa ambalo naliona kwa karibu kila mtu wa rika letu. Tunachagua seva kwa bei na kwa ukubwa. Hatuulizi itakuwa na kazi gani ile saa mbaya kabisa, na hatuulizi vitu vyake vimekaa wapi.

Mahamri na viazi karai

Kuna tovuti za aina mbili, na ukizichanganya utapoteza pesa.

Ya kwanza ni kama mahamri yaliyokwisha kukaangwa asubuhi, yamo kwenye kapu. Mteja akija unampa, kwisha. Ukurasa ushaandikwa, seva inautoa tu kama ulivyo. Hii haihitaji nguvu yoyote ya maana. Kama tovuti yako ni picha zako, menyu isiyobadilika na namba ya simu, tafadhali usilipie seva. Kuna huduma za bure zinazoweza kukubebea mzigo huo. Tena Cloudflare wana kituo hapahapa Mombasa, picha zako zinamfikia mtu wa Makadara bila kuvuka bahari.

Ya pili ni kama viazi karai. Mteja akifika ndipo unachovya kwenye unga na kutia kwenye mafuta. Kila mtu anapofungua ukurasa, seva inapika upya: huyu ni nani, ana nini kwenye kapu lake, sambusa zimebaki ngapi, pesa yake imeingia ama bado. Programu ya namna hii inahitaji vitu vitatu. Inahitaji wapishi, yaani ile michakato inayoendesha kodi yako. Inahitaji nafasi ya jikoni ya kuwaweka hao wapishi, ambayo ndiyo RAM. Na inahitaji stoo ya viungo, ambayo ndiyo hifadhidata.

Weka picha hiyo kichwani, maana ndiyo iliyonifunza kosa langu.

Niliyoyajaribu kabla

Sikukurupuka, nataka mjue. Nilizunguka sana kabla ya kuharibu.

Nilianza na hosti ya pamoja, ile ya bei poa kwa mwaka. Hiyo ni sawa na kupanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na bafu moja. Ukiwa na jirani mzuri, raha mustarehe. Jirani akiwa na wageni, wewe unasubiri na taulo begani. Kwa blogu ya kawaida inatosha kabisa, wala msiidharau. Lakini kule hukuruhusiwa kuendesha kazi za nyuma ya pazia, na mimi nilihitaji mchakato wa kushughulikia malipo unaokesha.

Nikajaribu laptopu kuukuu nyumbani. Nikaitia Linux, nikaiweka juu ya kabati. Siku mbili nikajiona bosi. Halafu nikagundua laini yetu ya nyumbani haina anwani yake yenyewe ya intaneti, tunaitumia pamoja na wateja wengine, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kubisha hodi kwangu moja kwa moja. Zipo njia za kuzunguka hilo, nikazunguka. Kisha stima ikapotea. Na mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipoingia giza? Betri ya laptopu inaweza kuvumilia, lakini ile modemu kwenye dari haina betri. Nikaachana nayo.

Nikajaribu zile huduma za bure za kupandisha programu. Nzuri kwa kujifunza, ila nyingi zinalala. Ikipita muda hakuna aliyeingia, zinazimwa, na mteja wa kwanza anayefuata anasubiri hadi ziamke. Kwa kazi ya darasani, sawa. Kwa M-Pesa ni hatari, nitaeleza kwa nini.

Mwisho nikakodi kipande cha seva, kile kinachoitwa VPS. Hapo ni kama kupanga fleti: jengo ni la wote, lakini jiko na bafu ni lako, na bomba likipasuka unahangaika mwenyewe. Nikachagua iliyoko Nairobi, RAM ya gigabaiti 1, CPU moja. Nikajisifu. Seva iko karibu na watu, nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza. Ile RAM niliiona ndogo, nikaamua nisiibebeshe hifadhidata. Nikaona kampuni moja inatoa hifadhidata ya bure kabisa, PostgreSQL safi, bonyeza hapa umepata. Nikabonyeza. Iko wapi? Virginia, Marekani. Nikasema mazee, intaneti ni intaneti, si ni bure?

Jiko Nairobi, stoo Virginia.

Hesabu ambayo hakuna aliyenionyesha

Chukua kalamu, hii ndiyo roho ya makala nzima.

Kutoka kwenye seva yangu ya Nairobi hadi kwenye ile hifadhidata, swali moja kwenda na kurudi lilichukua kama milisekunde 240. Robo sekunde. Inaonekana ndogo. Na haipunguziki kwa kununua seva kubwa, maana mwanga ndani ya nyaya za kioo unakwenda kama kilomita 200 kwa kila milisekunde, na haijali wewe umelipia pakeji gani.

Ukurasa wangu wa menyu ulikuwa unaenda stoo mara 12. Mara moja kuchukua orodha, halafu mara moja kwa kila chakula kuuliza kimebaki kiasi gani. Mara 12 kwa milisekunde 240 ni karibu sekunde 3. Nilipokuwa nikijaribu kwenye laptopu yangu, hifadhidata ilikuwa ndani ya laptopu hiyohiyo, ukurasa ulifunguka kabla hujapepesa jicho. Ulipopanda hewani ukawa mzito, nikasingizia bando.

Haya, ongeza hili. Mtu akishalipa, nilimwekea ukurasa wa kusubiri ambao unaiuliza seva kila baada ya sekunde 3: pesa imefika? pesa imefika? Kila swali moja la aina hiyo lilienda stoo mara 4, yaani karibu sekunde nzima.

RAM yangu ilitosha wapishi 10. Mpishi mmoja akitumia sekunde moja kwa kila swali, wapishi 10 wanamaliza maswali 10 kwa sekunde. Sasa watu 40 wakisubiri kwa pamoja, kila mmoja akiuliza kila sekunde 3, hayo ni maswali 13 kwa sekunde. Kumi yanatoka, kumi na matatu yanaingia. Foleni haiishi, inarefuka tu. Na hapo hatujahesabu wanaofungua menyu.

Watu arubaini. Sio elfu arubaini. Harusi ndogo ya Kuze ina watu zaidi ya hao.

Sasa sikiliza sehemu mbaya. Ukitumia M-Pesa kwenye tovuti, mteja anapoweka PIN yake, mfumo wa malipo unatuma ujumbe kwenye anwani ya seva yako kusema: huyu kalipa, risiti ni hii. Ujumbe huo ni mgeni kama wageni wengine. Unapanga foleni ileile na wale wanaouliza pesa imefika. Foleni ilikuwa ndefu mno, jumbe zikachoka kusubiri zikaondoka. Kwa hiyo pesa zimeingia kwa khalati, lakini seva haina habari. Na kwa kuwa seva haina habari, watu wanaendelea kusubiri na kuuliza. Walikuwa wanasubiri kwa sababu mfumo umekwama, na mfumo umekwama kwa sababu wanasubiri.

Ndiyo maana nasema programu inayolala ni hatari kwa malipo. Ujumbe wa pesa ukija umekuta mlango umefungwa, usitegemee utarudi kubisha tena.

Na unajua CPU yangu ilikuwa kwenye asilimia ngapi wakati huo? Sita. Nilirudi kuangalia rekodi baadaye, nikacheka kwa uchungu. Seva haikuwa imechoka. Wapishi wote kumi walikuwa wamesimama mikono kifuani, wanamngoja mtu arudi na chumvi kutoka Virginia. Rafiki yangu mmoja aliniambia niongeze RAM mara mbili. Ningepata wapishi 20 waliosimama mikono kifuani, kwa bei mara mbili. Mwingine wa Nairobi akaniambia nihamie kwenye wingu kubwa, liwe linajiongeza lenyewe. Bili inakuja kwa dola, bana. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, miezi michache baadaye ikashuka hadi kama 129. Mauzo ya kaimati hayapandi na kushuka na dola. Na wingu hilo lingejiongeza kwa furaha kabisa, likiajiri wapishi wa kumngoja mtu wa Virginia.

Na bahari ipo hapa

Usiku ule baada ya tarawehe nilitembea hadi Fort Jesus kupunguza mawazo. Nikakaa upande unaotazama maji, meli inaingia taratibu kuelekea Kilindini. Ndipo nikawaza jambo la kuchekesha.

Intaneti ya haraka ya Kenya iliingilia hapahapa kwetu. Kabla ya 2009 nchi ilikuwa inategemea setilaiti, ghali na polepole. Mwaka huo kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM ikafika mwaka huohuo. EASSy ikafuata 2010, LION2 ikafuata 2012. Mji wetu ndio mlango.

Sasa fuata njia ya oda moja ya kaimati. Mtu wa Makadara anabonyeza simu. Swali linapanda hadi Nairobi. Seva ya Nairobi haina jibu, inauliza Virginia. Data inatoka Nairobi, inarudi kwenye bahari, inazama, inavuka dunia, inaulizia kaimati zimebaki ngapi, inarudi. Mara 12 kwa ukurasa mmoja. Kaimati zenyewe ziko kwenye sufuria hatua mia mbili kutoka kwa aliyeuliza.

Tusijicheke sana lakini, hata wakubwa walipita huko. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Ililetwa Kenya 2015. Mama alikuwa akituma pesa kutoka Likoni kwenda Kaloleni, na hesabu inafanyika Ulaya.

Na kebo hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari yetu iliteremsha nanga mahali ilipokatazwa, ikakata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kule upande wa Afrika Kusini, mtandao ukawa noma Afrika Mashariki yote. Siku kama hizo, programu ambayo jiko na stoo vyote viko ndani ya nchi inaweza kuendelea kuhudumia watu wa hapa, kwa sababu kampuni za intaneti hubadilishana data hapahapa kupitia kituo kinachoitwa KIXP. Kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya kama wiki mbili kwa malalamiko, kikarudi Februari 2002. Kabla ya hapo, barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilikuwa inapita ng'ambo. Watu walipigania data ya hapa ibaki hapa, mimi nikaipeleka Virginia kwa sababu ni bure.

Nilivyorekebisha

Kabla ya kugusa seva, khalati alinipa kazi ya kwanza. Alinipa simu yake yenye jumbe za M-Pesa na daftari lake la zamani, ameshalitoa kabatini. "Wapigie wote."

Niliwapigia watu 38, mmoja mmoja. Kuomba radhi, kurudisha pesa. Wengine walicheka. Wengine walinyamaza tu hadi nikamaliza. Mama mmoja aliniambia, "Mimi pesa sizitaki mwanangu. Mimi nilitaka futari." Sentensi hiyo sitaisahau. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema tovuti yake ilianguka "kidogo tu," namkumbuka yule mama.

Halafu nikakaa na laptopu hadi daku. Hifadhidata nzima ilikuwa megabaiti 14. Ndogo kuliko video moja ya TikTok. Nikaihamisha ikakae ndani ya seva ileile ya Nairobi, pamoja na programu. Nikaongeza RAM hadi gigabaiti 2 ili stoo ipate nafasi yake, nikaacha wapishi walewale 10. Bei ilipanda kwa shilingi mia chache kwa mwezi.

Nikaandika upya ukurasa wa menyu, badala ya safari 12 ukawa na safari 2: moja ya orodha, moja inayochukua idadi zote kwa pamoja. Yale maswali ya pesa imefika yakashuka kutoka sekunde nzima hadi milisekunde 20 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, wapishi 10 wangemaliza maswali 500 kwa sekunde. CPU yangu moja haiwezi hayo, tusidanganyane. Nilipopima kwa kujifanya watu 60 wameingia kwa mpigo, nilipata kama 60 kwa sekunde. Nilihitaji 13.

Ujumbe wa malipo nikaupa mlango wake. Ukifika, seva inauandika kama ulivyo, inajibu asante, basi. Kazi ya kutafuta oda ni ya nani inafanywa baadaye na mchakato mwingine. Ukija mara mbili, namba ya risiti inaukataa wa pili, mtu asihesabiwe futari mbili. Na kila dakika mbili kuna mchakato unaotafuta oda zilizokwama na kwenda kuuliza mfumo wa malipo wenyewe: huyu kalipa ama hakulipa? Yaani sisubiri tena kuletewa habari, naifuata.

Kuweka jiko na stoo kwenye kipande kimoja kuna ubaya wake, sitaki kuwaficha. Seva ikifa, vyote vinakufa pamoja. Kwa hiyo kila usiku nakala inatoka na kwenda kuhifadhiwa mahali pengine, kampuni nyingine kabisa. Ndani yake mna majina, namba za simu na nyumba za watu, kwa hiyo inafungwa kwa nenosiri, na za zamani zinafutwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimwangalii mkubwa peke yake. Na kila Ijumaa naichukua ile nakala naifungua kwenye laptopu yangu kuona kama kweli inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Kwa hiyo uchague nini?

Watu watakuuliza: ya hapa ama ya ng'ambo? Mimi naona swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni: je, viko pamoja? Kama ningeweka programu na hifadhidata zote Frankfurt, ningekuwa salama kuliko nilivyokuwa. Mteja angelipa gharama ya umbali mara tatu hivi: kubisha hodi, kukubaliana funguo za siri, kuuliza swali. Kwa milisekunde kama 150 kila safari ni karibu nusu sekunde, mtu hata hasemi kitu. Nilichofanya mimi ni kulipa umbali mara 12 ndani ya jiko. Afadhali zote ziwe mbali pamoja kuliko moja huku na moja kule.

Zikiwa pamoja na ziko karibu, bora zaidi. Kwa kitu kinachohudumia Mombasa na kupokea M-Pesa, mimi naweka Kenya. Wateja wako wakiwa Muscat na Dubai, fikiria tofauti.

La pili, jua saa yako ya Magharibi. Kila kazi inayo. Ya madrasa ni siku ya matokeo, ya tiketi ni dakika kumi kabla ya mechi. Usiulize una watu wangapi kwa mwezi, uliza ni wangapi wanakuja kwa pamoja, kila mmoja anauliza mara ngapi, na jibu moja linachukua muda gani. Gawanya wapishi wako kwa muda huo. Ni hesabu ya darasa la sita, na ingemwokolea khalati yangu watu 38.

La tatu, chagua kitu ambacho wewe mwenyewe unaweza kukirekebisha ukiwa na njaa, saa kumi na moja jioni, simu inalia. Usichukue mtambo wa kampuni ya watu mia kwa sababu umeuona kwenye video. Nilijua kuiwasha seva yangu upya, sikujua kuitazama ndani. Sasa najua amri tano za kuniambia wapishi wako wapi na wanamngoja nani, nimeziandika kwenye karatasi ukutani.

Siku ya tano ya Ramadhani tulifungua tena. Nilikaa kwa khalati kwenye baraza na laptopu mapajani kuanzia Alasiri. Oda zilianza kumiminika saa kumi na moja kasoro. Nikawa natazama mistari inapita, moyo unanidunda. Hakuna kilichokwama. Khalati alikuwa na simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, na daftari wazi juu ya meza, anaandika kila oda kwa kalamu vilevile.

Nikamwambia khalati, si zote ziko hapa kwenye simu?

"Naziona," akasema, akaendelea kuandika.

Kwenye kumi na mbili kasorobo ikaingia oda ya shilingi 850, ya kupelekwa Tudor. Jina nilikuwa nalijua. Mpaka Ramadhani inaisha daftari lile halikurudi kabatini, na mimi sikumwambia tena alirudishe.